Akiba ya benchi inaoza

Tarehe 19 Disemba 2024 Manchester United ilifungwa 4-3 na Tottenham kwenye robo fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Huku kwetu Chake Chake mechi ilianza saa tano usiku, na waliostahamili mpaka mwisho waliondoka banda la kutazamia mpira na hasira moja, goli la nne. Son Heung-min alipiga kona dakika ya 88, mpira ukapinda ukaingia wenyewe wavuni. Golini alikuwepo Altay Bayindir, kipa wa akiba. Kulipokucha, watu wakiwa barzani na vikombe vyao vya kahawa, hukumu ilikuwa imeshapita: dirisha la usajili la Januari likifunguliwa, huyu auzwe.

Tarehe 30 ya mwezi ule ule ikawa zamu ya mshambuliaji Joshua Zirkzee. United ilikuwa Old Trafford na Newcastle, imeshafungwa mawili, na kocha Ruben Amorim akamtoa dakika ya 33. Mashabiki wa nyumbani walishangilia kutolewa kwake. Mtu wa timu yao wenyewe anatoka, wao wanapiga makofi ya furaha. Alipita moja kwa moja akaelekea vyumbani. Barzani jina lake likaongezwa chini ya lile la Bayindir.

Halafu ikaja 12 Januari 2025, Kombe la FA, ugenini kwa Arsenal. Siku hizo Pemba nzima ilikuwa na Kombe la Mapinduzi pale Gombani, ule mwaka wa timu za taifa, na Zanzibar Heroes walikuwa wakiisubiri fainali yao na Burkina Faso ambayo baadaye waliishinda. Hata hivyo jioni ile bandani hapakuwa na pa kukaa. Diogo Dalot alitolewa kwa kadi nyekundu, United wakabaki kumi. Bayindir akaokoa penalti ya Martin Ødegaard ndani ya mchezo, akaokoa ya Kai Havertz kwenye mikwaju, na penalti ya mwisho iliyowavusha United akaipiga Zirkzee.

Ni watu wale wale. Hakuna aliyekwenda kufundishwa mpira upya baina ya Disemba na Januari.

Mimi ni wa United tangu skuli, na jambo hili la wachezaji wa akiba linaniuma kuliko mengi, kwa sababu naona tunalijadili kwa hasira za usiku mmoja. Ninavyoamini mimi, klabu iwauze wachezaji wa akiba, tena iwauze mapema zaidi kuliko inavyofanya. Ila isimuuze mtu kwa sababu ya kona ya Son. Mchezaji wa akiba akicheza vibaya, mechi ile inatueleza machache sana juu ya uwezo wake. Suali lenye faida ni jengine: tukimuweka benchi mwaka mwengine, atakuwaje?

Tazama kwanza tunampima katika hali gani. Bayindir alitoka Fenerbahçe Septemba 2023, na msimu wake wa kwanza mzima alidaka mechi moja, ya Kombe la FA dhidi ya Newport County. Kipa anaishi kwa mazoea. Anahitaji kujua beki wake wa kati anapenda kuuacha mpira upite au kuukata, nani anaitikia akiitwa na nani hasikii, mshambuliaji mkubwa akisimama mbele yake kwenye kona ni nani atakayemsogeza. Mambo hayo hayajulikani kwa kutazama. Halafu mechi anayopewa ni ya kombe, katikati ya wiki, kocha amebadilisha nusu ya timu, na mabeki wenyewe wanatafutana. Usiku ule wa Tottenham hata kipa wa upande wa pili, Fraser Forster, alikuwa wa akiba. Magoli mawili ya United yalitokana na makosa yake: moja alitoa pasi ikanaswa, jengine alichelewa kuondosha mpira mpaka Amad Diallo akamfikia miguuni. Makipa wawili wa akiba, wote wakateleza usiku mmoja. Mtu akiniambia hilo limetokea kwa bahati mbaya tu, nitamuomba aje mazoezini kwetu siku moja.

Kuna timu ya mtaa, madaraja ya chini huku, ambayo nasaidia kuiandikia barua na kutunza jezi. Tulikuwa na kipa wa pili, kijana mrefu, mtulivu. Zoezi la mashuti likianza, kipa wa kwanza anasimama golini na yeye anasimama nyuma ya goli, kazi yake kuokota mipira iliyopita na kuirejesha kwa mguu. Glovu yake ya kulia ilikuwa imechanika kidole gumba, akaishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa kuvulia, mshono ukawa mgumu kiasi kwamba kidole hakikunji vizuri. Zamu yake ya kudaka hufika jua linazama, watu wameshaanza kuvua viatu, na wanaompigia ni wawili watatu waliobakiwa na hamu. Adhana ya Magharibi ikisikika, basi, kila mtu anachukua njia yake.

Siku kipa wa kwanza alipoteguka bega, kijana akaingizwa kipindi cha kwanza kikikaribia kwisha, kiwanja kimelowa. Krosi ya kwanza aliitokea vizuri tu, na aliita. Beki wetu hakugeuka. Sauti aliyoizoea ni ya mwengine, ile hakuijua kuwa ni ya kipa wake. Wakagongana, mpira ukaanguka miguuni mwa mshambuliaji wao, goli. Watu ukingoni wakaanza kupiga kelele atolewe, na wote tulijua hapakuwa na kipa mwengine wa kuingia. Kipindi cha pili hakuitokea krosi hata moja. Alibaki kwenye mstari, mikono mbele, akisubiri mechi imalizike.

Kwenye kikao cha viongozi hoja ya kumuacha ilipita haraka. Nikamuuliza kocha, kwa adabu, maana ni mtu mzima kwangu: "Mwalimu, kwani kijana huyu lini amewahi kupigiwa krosi na mabeki wetu wakiwa mbele yake?" Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, muda wenyewe uko wapi?" Hakuwa akinikwepa. Vijana wetu wanatoka kazini, wengine wanatoka shamba msimu wa karafuu, kiwanja tunagawana na timu nyengine. Muda uliopo anapewa atakayecheza Jumamosi, na hivyo ndivyo ilivyo hata kwenye klabu zenye viwanja kumi vya mazoezi. Kocha yeyote anamuandaa wa kwanza. Wa pili anaandaliwa na kinachobaki.

Kijana aliachwa. Alipata timu upande wa Wete, na huko anadaka kila wiki. Makosa bado anafanya, lakini krosi anazitokea.

Wazee wetu walitufunza kuwa akiba haiozi. Kwa mchele na kwa fedha nakubali. Mchezaji wa mpira ukimuweka akiba anaoza, na kinachosikitisha ni kwamba anaoza akiwa anafanya mazoezi kila siku, anakula vizuri, anapimwa na madaktari na analipwa mshahara. Ukimtazama mwilini huoni kitu. Kinachoondoka ni kule kujua la kufanya kabla hajafikiri, na hilo hulipati pengine popote ila ndani ya mechi.

Sijaona mfano mchungu kuliko Donny van de Beek. Mwaka 2019 alikuwa katika wale vijana wa Ajax waliofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, na goli la ushindi kwenye mechi ya kwanza ugenini kwa Tottenham alilifunga yeye. Mwaka huo jina lake likawemo kati ya wachezaji 30 waliowania Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa dunia. United ikamnunua mwaka 2020 kwa pauni milioni 35, mkataba wa miaka mitano. Msimu wake wa kwanza, katika mechi 38 za ligi, aliaminiwa kuanza nne tu.

Van de Beek si mchezaji wa kukokota mpira na kuwapita watu watatu. Uhodari wake ulikuwa kutokea. Mpira uko pembeni, mabeki wanautazama, yeye anaingia kwenye kisanduku wakati ule ule nafasi inapofunguka. Mchezo wa namna hii unawategemea wenzake kuliko unavyomtegemea yeye: lazima mwenye mpira ajue kwamba Donny atakuwa pale, aupige kabla hajamuona. Ajax walijua, maana walikua naye. Manchester nafasi yake ilikuwa ya Bruno Fernandes, aliyefika Januari ya mwaka ule ule na kushika timu nzima mkononi. Van de Beek akawa anaingizwa dakika ya 80, dakika ya 85, timu inaongoza au imeshapoteza. Anakimbilia kule anakopaswa kukimbilia na mpira hauji. Sisi bandani tunasema, "Huyu hana kitu."

Mwezi wa Agosti 2021 Everton walimtaka kwa mkopo na United ikakataa. Alikuwa na miaka 24, na Ulaya nzima bado ilimkumbuka yule wa Ajax. Ukitaka siku ya kumuuza, ilikuwa ile. Badala yake akabaki, akaja kupelekwa hao hao Everton kwa mkopo Januari iliyofuata, akarudi, goti likaumia vibaya Januari 2023, akapelekwa Eintracht Frankfurt kwa mkopo, na mwaka 2024 akauzwa Girona kwa fedha taslimu ambazo hazikufika hata pauni milioni moja, zilizobaki zikiwa ahadi za mbele. Fedha zilizopotea ni za klabu kubwa, wataziziba. Miaka minne ya mchezaji, kutoka 23 hadi 27, hairudishiki, na ndiyo miaka mwanasoka anayopaswa kuwa bora.

Na kocha aliyemuweka benchi mwanzo alikuwa Ole Gunnar Solskjær. Nimelifikiria sana hili. Solskjær ndiye mchezaji wa akiba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu yetu. Februari 1999 aliingia ugenini kwa Nottingham Forest zimebaki dakika zisizofika ishirini akafunga magoli manne. Mei 26 mwaka huo aliingia Barcelona kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa na Bayern Munich, na dakika za nyongeza, baada ya Teddy Sheringham, naye wa benchi, kusawazisha, akafunga la ushindi. Anajulikana kwa namna alivyokaa benchi: alikuwa akiwasoma mabeki, anatazama nani amechoka, nani anaacha mgongo wazi. Kwake yeye benchi lilikuwa darasa. Nadhani, na hili ni langu, hakuweza kuamini kuwa kuna mchezaji mzuri ambaye hapo hapo alipopatia yeye ufunguo, mwenzake anaupoteza.

Kwa hiyo wachezaji wa akiba hawafanani, na hapa ndipo maamuzi yote yanapopaswa kuanzia. Yuko anayeingia baridi na kucheza kama aliyeanza. Mara nyingi ni mshambuliaji wa kisandukuni ambaye anahitaji mpira mmoja tu, au beki mtu mzima ambaye kazi yake ni kichwa na kusimama mahali sahihi, au kipa wa tatu aliyekwishacheza maisha yake na anayeridhika kuwafundisha wadogo. Na yuko ambaye bila ya mechi mfululizo hayupo. Kiungo wa pasi za haraka, winga kijana anayeishi kwa kujiamini, kipa aliye kwenye miaka yake ya kukua. Huyu wa pili ukimuweka benchi miezi kumi na minane unamharibu, halafu unamhukumu kwa uharibifu ulioufanya wewe.

Nakumbuka kwamba kiangazi cha 1998 United yenyewe ilikuwa tayari kumuuza Solskjær. Tottenham walifika bei, klabu ikakubali, na aliyekataa ni mchezaji. Miezi tisa tu baadaye ikawa Barcelona. Beki wa kati Harry Maguire vile vile: kiangazi cha 2023 alivuliwa unahodha, West Ham wakakubaliana na klabu bei ya pauni milioni 30, dili likavunjika, akabaki. Novemba mwaka huo akawa mchezaji bora wa mwezi wa Ligi Kuu. Aprili 2025, zimebaki sekunde za muda wa ziada, akapiga kichwa kilichoifanya 5-4 dhidi ya Lyon. Oktoba 2025 akapiga kichwa chengine Anfield, Liverpool wakafungwa kwao 2-1. Nilikuwa bandani siku ya Lyon. Watu waliomtukana Maguire miaka mitatu walikuwa wamekumbatiana na kulia.

Ami mmoja tunayekaa naye, mpenzi wa Arsenal na mtu wa hoja, huniambia mifano hii inanipinga mwenyewe. "Wewe unasema wauzwe. Hao wangeuzwa, ungekuwa na nini cha kusimulia?" Namjibu kwamba wale wawili ni wa aina ya kwanza, na kosa la klabu lilikuwa kutokujua ina mtu wa aina gani. Ilitaka kumuuza Solskjær aliyekuwa anaweza kuishi benchi, ikakataa kumtoa hata kwa mkopo van de Beek asiyeweza. Tena tazama nani aliamua. Solskjær alisema mwenyewe sitaki kwenda. Mchezaji anajijua. Anayekwambia nitabaki nipiganie, na unamuona mazoezini kweli anapigana, huyo msikilize. Anayekuomba akatafute dakika, naye msikilize.

Sasa ipo hesabu ambayo huku kwetu haizungumzwi sana, na bila ya hesabu hiyo mtu hawezi kuelewa kwa nini klabu zinafanya mambo yanayoonekana ya ajabu. Bei ya mchezaji haiandikwi yote mwaka aliponunuliwa. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Van de Beek wa pauni milioni 35 kwa miaka mitano ni milioni saba kila mwaka. Baada ya mwaka mmoja, kwenye vitabu vya hesabu bado ana thamani ya milioni 28, na ukimuuza kwa 20 umeandika hasara ya nane hapo hapo. Misimu hiyo Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa na kikomo cha hasara, pauni milioni 105 kwa miaka mitatu, na baadhi ya klabu zilizovuka zilikatwa pointi. Basi mkurugenzi anaona bora amuache benchi hasara isionekane, mwaka upite, kitabu kishuke. Hasara ipo pale pale, tena inakua, kwa sababu bei ya sokoni inashuka haraka kuliko ile ya kitabuni.

Upande wa pili, kijana aliyelelewa na klabu hakununuliwa, kitabuni ni sifuri, na kila pauni anayouzwa ni faida tupu. Ndiyo maana Agosti 2024 aliyeondoka ni Scott McTominay, mtoto wa klabu tangu akiwa na miaka mitano, kwa pauni milioni 25 na ushei kwenda Napoli. Msimu huo huo Napoli ikawa bingwa wa Italia na yeye akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. United ilimuuza yule ambaye vitabu vilipenda auzwe. Mpira haukuulizwa. Mimi sikubaliani hata kidogo na uendeshaji wa namna hii. Kanuni zilikusudiwa kuzuia klabu zisifilisike, na matokeo yake watoto wa nyumbani ndio wanaotolewa kwanza.

Kwa Antony angalau waliumeza ukweli. Alinunuliwa kwa zaidi ya pauni milioni 80 mwaka 2022, akapelekwa Real Betis kwa mkopo Januari 2025, akacheza kwa furaha mpaka fainali ya Conference League, na Septemba mwaka huo akauzwa huko huko kwa robo tu ya bei ile. Watu walicheka bei. Mimi niliona hatimaye kuna mtu ameamua kwa kumtazama mchezaji.

Wapo pia walioondoka na kung'ara, na mashabiki wanawahesabu kama wizi tuliofanyiwa. Anthony Elanga msimu wake wa mwisho Old Trafford hakufunga hata goli moja la ligi. Alikwenda Nottingham Forest mwaka 2023 kwa pauni milioni 15, na tarehe 1 Aprili 2025 aliuchukua mpira nusu ya kwao, akakimbia uwanja mzima akatufunga sisi wenyewe, goli pekee la mechi. Newcastle wakamnunua kwa milioni 55. Dean Henderson, kipa wa akiba nyuma ya David de Gea, alikwenda Crystal Palace, na Mei 2025 akaokoa penalti ya Omar Marmoush kwenye fainali ya Kombe la FA, Palace wakachukua kombe lao kubwa la kwanza. Siwahesabu hawa kama hasara. Kwetu wasingekuwa hivyo. Elanga wa benchi la United angebaki Elanga asiye na goli, na mwaka mwengine tungemuita mzigo. Kilichokosewa kwa Elanga ni bei, na bei ilikuwa ndogo kwa sababu tulimuuza baada ya kumuacha anyauke.

Huku visiwani mambo haya yana sura yake. Timu nyingi kubwa za ligi yetu ni za vikosi: KMKM, JKU, KVZ, Zimamoto, Mafunzo, Polisi. Mchezaji wa timu hizo mara nyingi ni mwajiriwa. Akikosa namba Jumamosi, Jumatatu ana sare yake, ana lindo lake, ana mshahara wake. Hilo limewaokoa vijana wengi wasiharibikiwe maisha, na siwezi kulisema vibaya. Lakini limewafanya wengine wakae kwenye timu moja miaka na miaka bila ya kucheza, kwa kuwa kuondoka ni kuacha kazi. Klabu haiuzi, mchezaji haombi, na kipaji kinamalizikia kwenye mazoezi.

Na anayevuka kwenda Dar anakutana na benchi la aina nyengine. Ibrahim Hamad, Bacca, alitoka KMKM akaingia Yanga Januari 2022, akawakuta Dickson Job na Bakari Mwamnyeto wameshika ngome. Alikaa akingoja. Walikuwepo waliosema amepotea, angebaki Unguja akacheza. Baadaye akawa nguzo ya Yanga na ya Taifa Stars, na hao walionena sasa wanavaa jezi yake. Namtaja kwa sababu Yanga hawakumhukumu kwa nusu msimu wa kwanza. Beki wa kati wa nguvu na kichwa anaweza kungoja, hasa akiwa bado anajifunza kutoka kwa aliye mbele yake. Kiungo mchezeshaji wa umri ule ule ningemshauri asingoje, na kama ni mdogo wangu ningemwambia: nenda klabu ndogo, cheza.

Watu wataniuliza, na akiuzwa kila asiyecheza, siku majeruhi wakijaa nani ataingia? Hofu hiyo ina haki yake. Kocha anaruhusiwa kubadilisha wachezaji watano, na msimu ni mrefu. Ila orodha ya Ligi Kuu ni watu 25, na walio chini ya miaka 21 hawahesabiwi humo. Nafasi za nyuma ya wale kumi na nne wanaocheza kweli zinatosha kwa watu wazima wachache waliokubali kazi hiyo kwa moyo mmoja, na zinazobaki wapewe vijana wa akademi ambao dakika kumi kwao ni sikukuu. Mtu wa miaka 24 mwenye kipaji kikubwa hana nafasi humo. Huyo ama acheze ama aende.

Agosti 2025 Kobbie Mainoo, kiungo yule aliyefunga kwenye fainali ya Kombe la FA ya 2024 dhidi ya Manchester City, aliomba aende kwa mkopo akacheze. Alikuwa na miaka 20. Klabu ikamkatalia, ikimwambia abaki apiganie nafasi, na mechi zikaanza naye akiwa nje. Niliposoma habari ile nilimuona van de Beek wa Agosti 2021, mwezi ule ule, jibu lile lile. Mainoo si wa kuuzwa, naamini hivyo kwa moyo wote. Alikuwa wa kuchezeshwa, na kama kocha hakuona pa kumuweka, angepewa huo mkopo alioomba kabla hajafika mahali pa kukata tamaa.

Maguire abaki mpaka mwenyewe aseme imetosha. Zirkzee anacheza kwa kushikana na wenzake kama alivyocheza van de Beek, na sioni benchi likimfaa, kwa hiyo akija wa kumtaka asizuiwe kwa ajili ya kitabu. Na Bayindir, kipa mwenzake Senne Lammens alipochukua nafasi ya golini Oktoba 2025, alikuwa na miaka 27, ambayo kwa kipa ndiyo kwanza asubuhi. Auzwe dirisha la kwanza linalokuja, kwa klabu itakayomuweka golini kila wiki, kwa bei yoyote ya haki, na anayemtangaza awapelekee wanunuzi mkanda wa mechi ya Arsenal pamoja na ule wa Tottenham.